Unaandikia Wapi?

Nikialikwa kuongea na wanafunzi au vikundi vya usomaji, maswali huwa ni mawili. La kwanza: eti vitabu vinalipa? La pili: unaandikia wapi? La kwanza nalijibu kwa neno moja, watu wanacheka, tunaendelea. La pili ndilo gumu. Anayeuliza anategemea nimwambie kuna chumba chenye dirisha linalotazama ziwa, meza ya mninga na chupa ya chai ya maziwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilijibu nusunusu. Leo nijaribu kulijibu lote, hata ile sehemu ambayo huwa naikwepa.

Ninaishi Kahama, mkoani Shinyanga. Nina mke, watoto watatu, riwaya moja iliyochapishwa, nyingine iliyokwama, na steshenari ndogo karibu na stendi. Riwaya niliichapisha kwa pesa yangu mwenyewe, nakala 300. Steshenari ndiyo inayotulisha.

Siku yangu inaanza saa kumi alfajiri. Naandikia kwenye meza ya kulia chakula, baada ya kusogeza vikombe vya jana na madaftari ya watoto. Naandika kwa kalamu, kwenye kaunta buku ya kwaya tatu, kwa sababu kalamu haijali umeme umekatika au umerudi. Saa kumi na mbili watoto wanaamka, mmoja hajaona soksi, mwingine anadai hela ya mtihani, na hapo uandishi umekwisha. Ukurasa mmoja na nusu ukiwa umenitoka, nahesabu siku imekwenda vizuri. Siku nyingi hautoki.

Zamani niliamini shida yangu ni kelele. Nikajiambia siku nikipata utulivu nitaandika kama maji. Baba yangu ana ngitili huko kijijini, Shinyanga Vijijini. Kwa msiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, halafu linafunguliwa kiangazi mifugo ikikosa pa kula. Shinyanga hii iliwahi kuitwa jangwa. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, na hadi mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilikuwa zimebaki jina tu. Wazee wakazirudisha. Ya baba leo ina kivuli ambacho mimi utotoni sikukikuta.

Basi nikamwachia mke wangu duka wiki nzima, nikaenda na kaunta buku mpya. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nililala. Siku ya tatu baba akaja na fimbo yake, akasimama juu yangu, akauliza, "Sasa hii kazi ya kulala chini ya mti, wanalipa kwa siku au kwa mwezi?" Wiki iliisha nikiwa na nusu ukurasa, tena unahusu ndege. Nilirudi Kahama na mfuko wa matobolwa na aibu kidogo. Nikajua kumbe kelele haikuwa shida yangu. Mimi nikikosa watu wa kuwasikiliza, sina la kuandika.

Watu wapo steshenari. Mahali pangu pa pili pa kuandikia ni pale, kwenye kompyuta iliyofutika herufi kwenye vitufe, kati ya mteja mmoja na mwingine. Kusema kweli, nikihesabu maneno yote niliyowahi kuandika, mengi niliwaandikia watu wengine. Barua za kuomba kazi mgodini. Fomu za mkopo wa chuo. Hati za kuuziana kiwanja. Barua ya mume anayemwomba mke arudi, ambayo aliisoma mara tatu akasema, "Punguza machozi, atajua siyo mimi." Na mikataba ya maduara.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana msomaji wa Dar au wa Nairobi anaweza asijue duara ni nini. Mbali na migodi mikubwa, ukanda huu wa dhahabu, kuanzia huku kwetu hadi Geita, umejaa wachimbaji wadogo. Shimo lao wanaliita duara. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye shamba, kuna mwenye duara, kuna mfadhili anayetoa chakula, kamba na matimba ya kuzuia kuta zisidondoke, halafu kuna vijana wanaoshuka. Mshahara hakuna. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko kabla ya kupelekwa kwenye karasha kusagwa, kila mmoja kwa mgao wake. Duara likitema, kijana ananunua pikipiki. Lisipotema, amechimba miezi sita kwa ugali na dagaa. Ndiyo maana watu huja kuandikishana. Mkataba una kurasa mbili, na mimi natoza shilingi 5,000 pamoja na kopi.

Nilikuwa na mkataba mmoja kwenye kompyuta, niliunakili kutoka kwa mwingine wa zamani ambao mteja aliuleta umechakaa. Kila akija mwenye duara mpya nafungua ule ule, nabadilisha majina na tarehe, naprinti. Kifungu cha saba kilisema kwamba mchimbaji akipata ajali duarani, mwenye duara hatawajibika kwa lolote. Sikukitunga mimi. Nilikikuta. Mara nyingi nimejitetea hivyo, na mnaona hata hapa bado najitetea.

Mahali pa tatu ni basi. Jumamosi napanda la kwenda Geita, kwa njia inayopita Bulyanhulu na Kakola, barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi jekundu. Nilianza safari hizi nikiwa na kamera na mashine ya kulaminishia, nikiwapiga wachimbaji picha za vitambulisho. Kwenye basi siandiki, maana mkono unaruka. Nasikiliza. Atakayekaa nyuma yangu atasimulia tu. Bei ya gramu soko la dhahabu Geita, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Binamu aliyeamka tajiri Nyarugusu akalala maskini Katoro. Mganga aliyemwambia mtu atupe kuku mweusi duarani. Nashuka na maneno kichwani, natafuta pa kukaa kabla hayajamwagika.

Pa kukaa palikuwa kibanda cha mama mmoja, mita chache kutoka makarasha, kwenye chimbo ambalo sitalitaja. Hapo ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Kuna benchi moja la mbao na meza iliyofunikwa nailoni. Makarasha yanaunguruma tangu asubuhi, vumbi la mawe linatua kwenye uji, wanawake wanaponda kokoto kwa nyundo, upande wa pili mtu anachoma zebaki kwenye kifuniko cha kopo huku upepo ukituletea moshi. Simu ikilia husikii. Mtu akikuita husikii. Pale nilikuwa naandika kurasa nne, tano, bila kuinua kichwa, na yule mama anajaza kikombe bila kuuliza. Namwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu huku. Yeye ananiita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha. Nadhani ni kwa sababu ya kalamu.

Mayu alikuwa na mtoto wa kiume, kitinda mimba wake. Kijana huyo alikuja steshenari kwangu siku moja pamoja na wenzake watatu na mwenye duara wao. Wakati naprinti alitoa michembe mfukoni akanigawia. Akasema mama yake amemkataza kushuka chini na njaa, kwa hiyo kila anaposhuka lazima awe na michembe mfukoni, hata kama ameshiba. Wenzake wakamcheka, eti mtoto wa mama. Naye akacheka. Akasaini majina yake matatu kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyeipenda shule. Wakaondoka.

Mvua za mwaka ule duara lilititia akiwa chini. Walimchimba, maji yakawa yanaingia kila wanapochimba, wakaacha. Hakutolewa. Matanga yalifanyika bila mwili.

Mimi nikaandika riwaya.

Siyo kwamba nilikaa nikapanga kumtumia. Nilikuwa nimeshaanza kitabu kuhusu machimbo, na yeye akaingia. Nikambadilisha jina, nikampa kijiji kingine, nikampa dada badala ya kaka. Niliona huo ndio ustaarabu. Michembe niliiacha, kwa sababu ilikuwa nzuri mno.

Na nilikuwa na Nyangarata kichwani, kama kila mtu wa Kahama. Wengi mnakumbuka. Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa kule Nyangarata. Watu wakawalilia, wakakata tamaa. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano wakatolewa wakiwa hai, wamekonda kama vijiti, wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyodondoka. Mmoja alikuwa amekwishafariki. Nchi ilikuwa imefanya uchaguzi wao wakiwa chini, rais mwingine ameapishwa, na wao hawana habari. Hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kutunga hivyo, mhariri angemrudishia. Lakini likishatokea, linabaki. Tangu hapo, huku kwetu duara likititia, kila mama anahesabu siku, na hakuna wa kumwambia zimetosha.

Kitabu changu kilitoka. Nakala kadhaa zikaingia kwenye shule za sekondari, kwa mkono wa walimu ninaowafahamu. Mwaka uliofuata, Jumanne moja mchana, mayu akaingia steshenari. Sikuwahi kumwona Kahama. Alikuwa amevaa kitenge cha safari, na mjukuu wake wa kidato cha tatu yuko nyuma amekumbatia kitabu changu.

"Shikamoo, mayu. Karibu."

"Marahaba. Nimekuja unisomee," akasema. "Huyu amenisomea, lakini analia, hasomeki."

Mjukuu alikuwa amemtambua baba yake mdogo kwa michembe.

Nikafunga mlango, nikageuza kibao. Nilisoma zile sura mbili, za kufukiwa na za kutafutwa. Sijawahi kusoma kazi yangu nikiwa na hali ile. Sentensi nilizozipenda, zile ambazo rafiki zangu walinipigia simu kuzisifia, nikawa nazipita haraka kama mtu anayevuka barabara. Kuna mahali kijana gizani anamwita mama yake. Nilipofika hapo nikataka kuruka. Mjukuu akaniangalia, alikuwa anajua kilichoandikwa. Nikasoma. Mayu akasema kwa upole tu, "Hapo hukuwepo."

Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwenye kitabu chako wamemchimba siku ngapi?"

"Kumi na moja, mayu."

"Wangu walimchimba siku nne. Nilikuwepo, nilikuwa nawapikia. Hizo saba alichimba nani?"

Sikuwa na jibu. Jibu la kweli ni kwamba siku nne zilikuwa chache kwa sura niliyoitaka. Siku kumi na moja ziliniruhusu kuleta mvua mara mbili, kuleta ugomvi, kuleta matumaini kisha kuyaondoa. Mambo ya ufundi. Huwezi kumwambia mama mambo ya ufundi.

Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Nikaitambua kabla hajaifungua. "Na hii?" akauliza. "Mjukuu anasema chini kuna muhuri wa duka lako."

Ulikuwa mkataba wangu. Kopi ya kijana. Akaweka kidole juu, penye majina. Hajui kusoma, lakini mahali hapo alipajua.

"Huku umeandika jina lake. Lote, matatu. Karatasi ya kusema akifa asidaiwe mtu, jina lipo. Kwenye kitabu cha kumsifu, umemweka mtoto wa mtu mwingine. Mwalimu, mimi sina kaburi. Watu wananiambia nenda ukaangalie, mwanao yumo kwenye kitabu. Nakuja, simkuti."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimejiandaa kwa jambo lingine kabisa. Tangu walipoingia nilidhani amekuja kugomba kwamba nimemwanika mwanawe, au amekuja kudai sehemu ya pesa ambayo haipo. Nilikuwa na hotuba tayari, kwamba riwaya ni tungo, kwamba nimeficha jina kwa heshima. Hotuba ikaniishia mdomoni. Kuficha jina kulinilinda mimi. Mwenye duara yupo, anapita na gari lake mbele ya duka langu, na jina la uongo ndilo lililofanya anisalimie hadi leo.

Baada ya siku ile nimemfikiria sana Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Wapenzi wa riwaya mnamjua. Alikamilisha kitabu chake kuhusu Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kikakosa mchapishaji. Baadaye akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Zamani nilikuwa naitaja habari hii kuonyesha jinsi waandishi tunavyoteseka. Siku hizi naangalia kitu kingine. Yule mzee alianza kwa lugha ya majirani zake. Mtu aliyekaa naye barazani angeweza kuusikia ukurasa wowote na kusema, hapo sivyo, hapo ndivyo. Mimi niliandika juu ya watu wa makarasha huku nikiwaza atakavyosema msomaji wa Dar. Sikutegemea kwamba mwenye habari atakuja na nauli yake kusikiliza.

Yapo niliyoyabadilisha. Kile kifungu cha saba nimekifuta kwenye kompyuta, na kila mkataba nausoma kwa sauti, vijana wakiwa wamesimama hapo, kabla ya kuprinti. Mwenye duara akitaka kifungu cha namna ile, namwambia aseme yeye kwa mdomo wake mbele yao, nami nitaandika anachosema. Wawili walisema. Wengine wamehamia steshenari ya ng'ambo ya barabara, ambako wanachapiwa bila maswali. Nimepoteza wateja, na mke wangu ananikumbusha kila ada za shule zinapofika. Sijui kama nimemsaidia mtu hata mmoja. Vijana wengi husikiliza, wanaguna, wanasaini.

La jina halijaisha. Nakala 300 zimekwisha na kuna anayetaka kunikopesha tuchape tena. Mayu anataka jina la mwanawe liwemo, majina matatu. Baba wadogo wa marehemu, walioko kijijini upande wa Shinyanga, hawataki. Siku za matanga walipokea ng'ombe na pesa kutoka kwa mwenye duara, kifuta machozi, na wanasema jina likitoka kitabuni itaonekana wameuza kisha wanadai tena. Nao siwezi kuwaita waongo. Ni jina la ukoo wao pia. Kikao kimepangwa, kimeahirishwa, kimepangwa tena. Ndiyo maana jina hilo hamlioni hapa, na la mwenye duara hamlioni. La kwanza nasubiri ruhusa. La pili, tuseme ukweli, naogopa.

Kwa hiyo, naandikia wapi? Bado ni kwenye meza ya chakula, saa kumi alfajiri. Bado ni steshenari. Na Jumamosi bado napanda basi hadi kibanda cha mayu. Mara ya kwanza kurudi baada ya siku ile nilizunguka makarasha mara mbili kabla ya kuingia. Akanijazia uji kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa, wateja wakipungua mchana, ananiambia, "Haya, soma ulichoandika leo." Nasoma kwa kupiga kelele kwa sababu ya makarasha, na wanawake wanaoponda kokoto wanasimamisha nyundo. Wananirekebisha bila huruma. Riwaya ya pili imekwama hapo hapo, maana kila ukurasa unarudi nyumbani una michoro. Lakini sijawahi kuandika polepole hivi nikiwa na uhakika hivi.

Kuhusu ile ya kwanza, nitafuata kitakachoamuliwa na kikao. Wakikubali, jina litaingia. Wakikataa, litabaki lile la uongo, na mayu ataendelea kutomkuta. Lakini kwa vyovyote, toleo jipya litakuwa na siku nne. Zile saba nilizitunga mimi peke yangu, na kuziondoa hakuhitaji kikao.